Ukoga Kwenye Kioo

Daktari alitoa amri tatu kuhusu Dorkasi, na Zebedayo alizishika kichwani kama anavyoshika vipimo vya mlango. Mgonjwa asifanye kazi yoyote. Vyombo vyake visichanganywe na vya wengine. Na dirisha la chumba chake likae wazi mchana na usiku, iwe jua, iwe mvua. Hiyo ya tatu aliirudia mara mbili, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akionyesha kwa mikono jinsi hewa inavyotakiwa kuingia.

Zebedayo alikuwa seremala katika karakana ya reli. Yeye na mkewe walikuwa Wasambaa wa Bumbuli, Walutheri, walioteremka Tanga baada ya vita na kupanga vyumba viwili Chumbageni, katika nyumba ya Bi Mastura, mjane wa makamo aliyekaa mbele na kuwachukulia kama wanawe. Mwezi wa pili mwaka wa 1955 Dorkasi alirudi kutoka hospitali baada ya sindano za miezi mitano. Hakuwa amepona, ila alikuwa hatemi tena damu. Binti yao wa pekee, Yudith, mwenye miaka sita, walikuwa wameshampeleka Bumbuli kwa Elizabeti, dada mkubwa wa Dorkasi, asije akaambukizwa.

Chumba chao cha kulala kilikuwa na kidirisha kisichopitisha hata kichwa. Zebedayo alimwomba Bi Mastura ruhusa, akavunja ukuta wa mawe na chokaa, akatia fremu ya mvule na mabawa mawili ya mbao, upana wa mikono iliyonyooshwa. Kazi ile ilimchukua Jumapili tatu. Alipomaliza, jua la alasiri lilimwagika hadi ukuta wa pili, na Bi Mastura akasema chumba sasa kimekuwa kama baraza.

Wakati ule Dorkasi alikuwa haongei sana. Alilalia ubavu wa kushoto tu, ule wenye ugonjwa, maana akigeuka kulia alikohoa mpaka pumzi zinamwisha. Kwa hiyo siku nzima uso wake ulitazama ukuta wa dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa juu mno kwake kuona chochote ila kipande cha mbingu. Chakula alikirudisha nusu, baadaye robo. Zebedayo akitoka kazini alimkuta katika mkao aliomwacha nao asubuhi.

Mwezi wa sita Mgiriki mmoja, meneja wa shamba la mkonge kule Ngomeni, alikuwa akihama kurudi kwao, akamwita Zebedayo amtengenezee makasha ya kufungia vyombo. Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo lenye fremu ya chuma, urefu wa mkono na kiganja, na ndani yake samaki watano wekundu kama maganda ya chungwa lililoiva. Hakuwa na namna ya kuwasafirisha. Alimwambia Zebedayo awachukue, la sivyo atawamwaga bustanini.

Aliwaleta kwa lori la mkonge, tangi kavu limeviringishwa gunia, samaki kwenye ndoo. Akaliweka juu ya meza chini ya dirisha, usawa wa macho ya Dorkasi, akalijaza maji ya kisima, akawatia samaki mmoja mmoja. Dorkasi aliangalia bila kupepesa. Walipoanza kuogelea, jua likipita nyuma yao, mapezi yao yaling'aa mpaka ukaona mishipa.

"Huyu mwenye kilemba cheupe ndiye mkubwa wao," Dorkasi alisema. "Tazama anavyowasukuma wenzake."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu arudi. Jioni ile alikula ndizi zote na kuomba mchuzi zaidi.

Ikawa hivyo kwa majuma mawili. Aliwapa majina ya watu wa Bumbuli aliowakumbuka, wazee wa kanisa na mama zao, akamsimulia mumewe walivyogombana mchana kutwa. Alimwagiza amwandikie Yudith habari zao, na barua zile zilijaa kurasa mbili. Alianza kukaa, mto umewekwa mgongoni. Bi Mastura alikuja mlangoni kumsalimu, akarudi mbele anamshukuru Mungu.

Kisha kioo kikaanza kufifia. Kwanza ilikuwa kama vumbi la kijani kwenye pembe, ambalo Zebedayo alilifuta kwa kidole. Siku ya tatu likarudi zito zaidi, lenye utelezi. Juma lililofuata maji yenyewe yalikuwa kama mlenda, na nyuzi za kijani zilining'inia kwenye mawe, na samaki wakaonekana kama vivuli wakikaribia kioo na kupotea tena. Zebedayo alifanya ambalo angefanya kwa pipa lolote chafu: alimwaga maji yote, akasugua tangi kwa majivu, akajaza maji mapya. Samaki walipanda juu wakitweta, na kabla ya saa moja mmoja alikuwa amelala ubavu, amekufa. Baada ya siku sita kijani kilikuwa kimerudi.

Kazini walimwambia aende kwa watu wa mbu. Idara ya afya ilikuwa na mtu aliyetunza samaki wadogo wa kutiwa visimani kula viluwiluwi vya mbu, na mtu huyo alikuwa Uweso, mzaliwa wa Moa, mrefu, mpole, aliyezoea kuongea huku ameinamia maji. Alimsikiliza Zebedayo hadi mwisho, ndipo akamfundisha. Asibadilishe maji yote, abadilishe theluthi, tena yaliyolala kwenye ndoo siku nzima. Apunguze chakula, kwa sababu samaki wasichomaliza huwa mbolea. Atie konokono wa mtoni, naye angempa kumi. Kioo akikwangue kwa wembe, asikisugue kwa majivu.

"Lakini yote hayo ni kazi bure ukiwa na jua," Uweso alisema. "Ukoga ni mmea, ndugu yangu, kama mhindi wako. Unakula jua. Tangi umeliweka wapi?"

Zebedayo alimwambia. Uweso akasema basi alihamishe.

Hapakuwa na pa kulihamishia. Upande wa pili wa chumba ulikuwa na mlango na kitanda cha pili, na kokote kwingine Dorkasi angelazimika kugeukia ubavu asiouweza. Zebedayo aliweka ubao mweusi nyuma ya tangi. Haukutosha, kwa kuwa dirisha lilikuwa pana na kuta zimepakwa chokaa, mwanga ulirudi kutoka kila upande. Alitengeneza kifuniko. Akikifunika, Dorkasi haoni kitu ila giza lenye vitu vinavyojongea. Akabaki na wembe. Kila alipotoka kazini alivua shati, akazamisha mkono hadi kwapani, akakwangua kioo cha mbele toka juu hadi chini, na vipande vya ukoga vikaelea vikimshika vinyweleo vya mkono. Dorkasi alimwelekeza alipobakiza.

"Hapo kona. Chini kidogo. Hapo, Baba Yudith."

Walicheka hata. Baadaye Zebedayo alikumbuka kwamba walikuwa wakicheka.

Mwezi wa kumi na moja, jua limekuwa kali, karakana ilimpeleka Korogwe siku nne kutengeneza mabehewa. Bi Mastura alimpikia Dorkasi na kumpa dawa kwa saa zake, ila kukwangua kioo hakujua. Zebedayo aliporudi alikuta kioo chote cha kijani, toka ukingo hadi ukingo. Mkewe alikuwa ameurudia ule mkao wa zamani. Alikuwa hajala tangu juzi.

"Funga dirisha," alimwambia.

Zebedayo alidhani anahisi baridi.

"Sihisi baridi. Funga, ukoga ufe."

Alimkumbusha maneno ya daktari. Dorkasi alikohoa, akasubiri pumzi zirudi, akasema polepole kwamba daktari hakai chumba kile. Anayekaa ni yeye. Amelala pale miezi tisa. Mtoto wake hawezi kumwona, kanisani hawezi kwenda, mikono yake haijashika jembe wala mwiko. Kitu kimoja tu ndicho kinachomfanya atake kesho ifike, nacho sasa ni ukuta wa kijani.

"Hewa ninayo tangu mwezi wa pili," alisema. "Imenifanya nini?"

Zebedayo alitoka nje akakaa ukumbini. Aliporudi alifunga bawa moja. Siku ya pili alifunga yote mawili wakati wa alasiri, akayafungua jua lilipokuchwa. Ukoga ulipungua, lakini haukuisha. Juma la tatu alipigilia jamvi juu ya nyufa, na dirisha halikufunguliwa tena.

Uweso alikuwa amesema kweli. Nyuzi za kijani ziligeuka kahawia, zikakatika, na konokono wakazila. Maji yalitakata hata ukafikiri hakuna maji. Jioni Zebedayo aliwasha kandili, akaiweka kando ya tangi kwa saa mbili, na samaki wanne walizunguka katika ule mwanga wa manjano, na Dorkasi akawatazama kama mtu aliyekaa mlangoni pa nyumba yake anatazama watu wanaopita. Aliwahi kumwambia Zebedayo kwamba hajawahi kuwa na mume mwema kama alivyo naye mwezi ule. Neno lile lilimfurahisha na kumchoma pamoja.

Kwa kuwa yeye alikuwa akitoka nje na kuingia, aliweza kusikia chumba kinavyonuka. Dorkasi hakuweza. Joto la kaskazi lilikaa humo kama ndani ya tanuri lililozimwa, pamoja na moshi wa kandili na harufu ya makohozi. Kikohozi kilizidi. Akajiambia ni hali ya hewa. Bi Mastura alimsimamisha ukumbini, akamuuliza mbona dirisha alilolipanua kwa mikono yake sasa ameliziba. Zebedayo alisema upepo unaleta vumbi. Yule mama alimtazama usoni kwa muda.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja."

Mwezi wa kwanza walikwenda hospitali kupima. Dorkasi alikuwa amepungua ratili saba. Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, akaitazama, akaiteremsha, akauliza kama anapumzika, kama vyombo vyake viko mbali. Kisha akauliza kama dirisha liko wazi.

Dorkasi alitazama sakafu. Zebedayo, aliyesimama kofia mkononi, alijibu, "Liko wazi, bwana."

Daktari aliandika. Njiani, katika mkokoteni uliowarudisha, Dorkasi alimshika mkono na kumwambia asante. Maisha yake yote Zebedayo hakuwa mwongo. Katika karakana walimwachia funguo za stoo kwa sababu hiyo.

Jumatatu alikwenda tena kwa Uweso, akamuuliza kama hakuna dawa ya kuua ukoga bila kufunga jua. Uweso alisita. Alisema ipo, mrututu, ile dawa ya buluu wanayopakia vidonda. Wao huutia katika madimbwi. Lakini dimbwi si tangi. Kipimo kikizidi kidogo huua kila kilichomo, na yeye hajawahi kuutumia kwa samaki wa namna ile. Alimwambia asubiri Ijumaa, baada ya sala atakuja mwenyewe na mizani ya ofisini, wapime pamoja.

Zebedayo alikubali. Usiku ule na uliofuata alimsikiliza mkewe akikohoa ndani ya chumba alichokiziba yeye, na kila kikohozi kilikuwa kama jina lake linaitwa. Katika karakana kulikuwa na pipa zima la mrututu, wa kuchovyea nguzo zisiliwe na mchwa. Siku ya Jumatano alivunja kipande kidogo kama punje ya mhindi, akakifunga kitambaani. Nyumbani aling'oa jamvi, akafungua mabawa yote mawili. Hewa iliingia na Dorkasi akafumba macho, akavuta pumzi, akakohoa, akavuta tena.

"Ukoga utarudi," alisema.

"Hautarudi. Nimepata dawa. Utakuwa na vyote viwili."

Akazamisha kile kitambaa tangini, akakizungusha mpaka kikabaki kitupu. Maji yalipata ubuluu hafifu, mzuri, kama sabuni ya kufulia. Hadi mume na mke walipolala, samaki walikuwa wakiogelea. Asubuhi Zebedayo aliona konokono wawili wamefunga vifuniko vyao na kuanguka chini, lakini samaki walikuwa juu, wanapumua upesi kidogo. Alidhani watazoea. Akaenda kazini.

Siku ile Bi Mastura alikuwa ameitwa mazishini Pongwe, akaondoka asubuhi, akamwachia Dorkasi uji na maji. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Zebedayo alirudi saa kumi na moja. Alipoingia chumbani kitanda kilikuwa kitupu.

Dorkasi alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, amekaa, mgongo umeegemea mguu wa meza, gauni limelowa kifuani kwa maji na kwa damu. Mbele yake palikuwa na birika lake la maji ya kunywa, na ndani ya birika samaki mmoja, yule wa kilemba cheupe, amesimama wima, mdomo ukifunguka na kufumba. Wengine watatu walielea tangini, wamepoteza rangi. Konokono wote walikuwa wamekufa.

Alimwinua. Alikuwa mwepesi kama mbao za kasha. Alimpangusa, akambadilisha gauni, akamlaza ubavu wa kushoto, na ndipo akatambua kwamba anamlaza kutazama tangi. Akalifunika kwa shuka.

Habari nzima aliipata vipande vipande, kwa kuwa sauti ilikuwa imemkauka Dorkasi. Samaki walianza kufa kama saa nne. Wa kwanza alipinduka akazunguka, akazunguka. Aliita, hakuna aliyesikia. Aliwatazama wawili wakifa. Alipoona wa tatu anaanza ndipo akajitupa chini na kutambaa, akajivuta kwa meza mpaka akasimama. Miezi kumi na moja alikuwa hajasimama peke yake. Alitia mkono akamkamata mmoja, na alipoinama kumtia birikani kitu kikapasuka kifuani.

Zebedayo alisema, "Mimi ndiye niliyewaua."

"Najua," alisema Dorkasi.

Hakumlaumu zaidi ya hapo, na neno hilo hakulirudia. Daktari alikuja asubuhi. Alilisifia dirisha lililo wazi. Alimchukua Zebedayo ukumbini akamwambia kwamba pafu la kushoto limekwisha kabisa na la kulia limeshikwa, na kwamba kazi iliyobaki ni kumtuliza. Uweso alikuja Ijumaa na mizani yake chini ya kwapa, akaoneshwa tangi. Alikaa na Zebedayo kibarazani hadi magharibi, akaenda zake.

Samaki wa birikani alikufa Jumamosi. Dorkasi alifariki Alhamisi iliyofuata, saa tatu ya asubuhi, Bi Mastura amemshika mkono mmoja, mumewe amemshika wa pili. Jioni ya mwisho alikuwa amemwagiza mumewe barua kwa Yudith. Amwandikie kwamba mama anamsalimu, na kwamba samaki hawajambo. Zebedayo aliandika hivyo hivyo, mbele yake, akaipeleka posta.

Elizabeti aliteremka na mtoto kwa gari moshi kutoka Mombo, wakafika maziko yameshapita siku mbili. Waumini waliimba, wakaomba, wakala, wakatawanyika. Jioni ya tatu Elizabeti alikaa ukumbini na shemeji yake, Yudith amelala mapajani mwake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyezika watoto wawili wa kwake. Aliuliza kama mdogo wake alifuata masharti ya daktari, kwani huko nyumbani watamwuliza.

Zebedayo angeweza kusema ndiyo. Daktari mwenyewe angemshuhudia. Badala yake alimweleza yote, tangu lori la Ngomeni hadi birika. Alimwambia kwamba Dorkasi ndiye aliyeomba, lakini mikono iliyofunga ni yake, na mdomo uliomdanganya daktari ni wake.

"Dirisha lilizibwa muda gani?" Elizabeti aliuliza.

"Miezi miwili."

"Na ungeliacha wazi angepona?"

"Daktari hakusema. Sikuthubutu kumwuliza."

Elizabeti alimfunika mtoto miguu kwa ncha ya khanga. Kisha akasema kwamba hawezi kumhukumu, na hawezi pia kusema kwamba haidhuru. Ila Yudith atabaki Bumbuli. Nyumba isiyo na mwanamke, na mwanamume anayeshindwa kumkatalia mtu anayempenda, si mahali pa kumlelea mtoto. Akikua atakuja mwenyewe akitaka.

Zebedayo alikubali kwa kichwa.

Asubuhi aliwasindikiza stesheni. Yudith, aliyekuwa amevaa gauni jipya alilolishona shangazi mmoja wa kanisa, alimshika kidole gumba njia nzima, akamwuliza wale samaki wako chumba gani, maana hakuwaona. Zebedayo alichutama mbele yake kwenye jukwaa la stesheni, watu wakipita na mizigo. Alimwambia kwamba samaki wamekufa, kwamba walikufa kabla ya ile barua ya mwisho, na kwamba aliwatilia dawa akidhani itawafaa.

Mtoto alifikiri. "Mama alijua?"

"Alijua."

Yudith aliachia kidole chake. Elizabeti alimpandisha ndani, wakakaa upande wa pili wa behewa ambako Zebedayo hakuweza kuwaona. Treni ilipoondoka alisimama mpaka jukwaa likabaki tupu, ndipo akavuka reli kwenda karakana, ambako msimamizi alimpa behewa la daraja la tatu lenye viti vilivyovunjika, naye akavua koti akaanza kung'oa misumari.